Stima ya Pikipiki na Iuzwe kama Petroli

Karibu kila mzazi ajaye shuleni kwetu siku ya mkutano huja kwa pikipiki ya kukodi, nasi tumeanza kuona miongoni mwake pikipiki zisizo na bomba la moshi wala mlio. Mabwenini watu hubishana. Wako wasemao kwamba ni mchezo wa mjini utakaopita, na wako waapao kwamba baada ya miaka michache petroli itakuwa ya jenereta tu. Mimi naona mabishano haya yamekwisha pitwa na wakati. Pikipiki za stima zimekuja. Jambo lililobaki, tena ndilo zito, ni hili: mwendeshaji wa kawaida atatia stima wapi, kwa bei gani, na kwa ruhusa ya nani? Juu ya neno hilo la mwisho nataka kusema zaidi, maana sioni likisemwa.

Nasema pikipiki, wala si motokaa, kwa makusudi. Mtu wa Ulaya au Marekani akiandika juu ya kuchaji gari huwa anamfikiri bwana mwenye nyumba yake, na banda la gari, na soketi ukutani. Huyo hana taabu kubwa. Huko Norway mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya stima tupu, na wenyewe wengi huyachaji nyumbani wakiwa wamelala. Lakini mwendeshaji wa kawaida wa Kenya si huyo. Ni kijana wa bodaboda akaaye chumba kimoja cha kupanga, mita ya stima ni ya ploti nzima, na mwenye nyumba akiona waya umetoka dirishani kwenda kwenye pikipiki huja mbio kuuchomoa. Yeyote atakayepanga mambo ya kuchaji katika nchi hii na aanze kwa kijana huyu. Mwenye motokaa atajitafutia.

Kwanza tufanye hesabu, kwa kuwa watu hawaiachi petroli kwa kupenda hewa safi, ingawa hewa safi ni jambo jema. Bodaboda ya petroli ya namna tuliyoizoea hula kama lita mbili au mbili na nusu katika kilomita 100. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 lita moja ilipita shilingi 217 mjini Nairobi, na katika miezi kadhaa ya mwaka 2025 ilikuwa juu ya shilingi 180. Tukishika hiyo 180, kilomita 100 ni shilingi 360 hata 450. Pikipiki ya stima hula kama yuniti nne katika safari hiyo hiyo. Tuseme tano, kwa kuwa nyingine hupotea kwa joto wakati wa kuchaji. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ilikubali bei ya pekee ya stima ya vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 katika saa ambazo nchi haitumii stima nyingi, kabla ya kodi na malipo mengine kuongezwa. Yuniti tano kwa shilingi 16 ni shilingi 80. Usiku ni 40. Hata kodi zikiongezwa, na hata mtu akitumia stima ya nyumbani ambayo ni ghali kuliko hiyo, bado hafiki nusu ya bei ya petroli.

Lakini ni nani ailipaye bei hiyo ya shilingi 16 na 8? Halipi kijana wa bodaboda. Bei hiyo ni ya mwenye mita iliyotengwa kwa kazi ya kuchajia, naye kwa kawaida ni kampuni. Kijana hufika katika kituo cha kampuni, hutoa betri iliyokwisha, hutiliwa iliyojaa, hulipa kwa simu, huenda zake. Katika fedha anazolipa mna stima, mna kodi ya betri, mna mshahara wa mtu wa kituoni, na mna faida. Sisemi kwamba ni dhuluma. Betri moja hubeba kama yuniti tatu, nayo humpeleka mtu kilomita 60 hata 80. Kuichaji kwa soketi ya kawaida kwataka saa tatu au nne, na kuibadilisha hakuchukui hata dakika tano. Mtu anayetafuta abiria saa nne za asubuhi hawezi kukaa chini ya mwembe akingoja betri ijae. Tena betri ndicho kitu ghali kuliko vyote katika pikipiki ya stima. Kampuni ikiibakiza kuwa mali yake, bei ya pikipiki hushuka mpaka kijana aweza kuikopa. Bila ya mpango huu wengi wasingalionja pikipiki hizi hata kidogo.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mmoja wa walioonja. Aliuza pikipiki yake ya petroli, akachukua ya stima kwa mkopo, na mwenyewe husema kwamba fedha zimbakiazo jioni ni nyingi kuliko zamani. Lakini siku moja alasiri alifika kituoni akaambiwa betri zilizojaa zimekwisha, angoje. Kituo cha pili cha kampuni hiyo kilikuwa umbali wa kilomita tisa, na betri yake ilikuwa imebakiwa na nguvu ya kilomita tano. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kinyozi mwenye stima, na fundi wa kuchomelea vyuma mwenye stima, na hoteli ya chai yenye stima. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia, kwa sababu betri ile huchajiwa kwa mashine za kampuni yenyewe tu. Alingoja saa mbili na nusu. Abiria wake wa kila siku, mwalimu mmoja, akachukuliwa na mwingine.

Angalieni jambo hilo vizuri. Stima ilikuwapo pande zote, tena ya kutosha kuunganisha milango ya chuma. Kilichokosekana ni ruhusa. Mwenye pikipiki ya petroli akiishiwa huenda kituo chochote cha petroli, cha tajiri yeyote, na kama hakuna kituo hununua chupa ya soda iliyojaa petroli kwa mama muuza mboga. (Najua kwamba biashara ya chupa si halali, wala simsifu mama huyo, lakini hakuna mwendeshaji wa mashambani asiyemjua.) Hakuna petroli ya pikipiki nyekundu na petroli ya pikipiki ya samawati. Kwa nini basi stima, ambayo yote hutoka katika waya mmoja, iwe ya rangi rangi?

Mpango wa kubadilisha betri si mpya kama wengi wadhanivyo. Katika mji wa Hartford, huko Marekani, kampuni ya stima ya mji huo ilianza mpango wa namna hiyo katika miaka ya 1910 kwa malori ya stima. Mtu alinunua lori bila betri, akalipa ada ya mwezi na malipo kwa kila maili aliyokwenda, na betri akabadilishiwa. Malori hayo yalikwenda jumla ya maili zaidi ya milioni sita kabla ya mpango kwisha katika miaka ya 1920, wakati petroli iliposhinda. Naona ulifaulu kwa muda huo kwa sababu mwenye betri ndiye aliyekuwa mwenye stima ya mji, naye hakuwa na haja ya kumficha mtu soketi.

Mfano wa pili ni wa majuzi, nao wafaa kukumbukwa na kila mtu atakayetia sahihi karatasi ya mkopo. Mwaka 2007 ilianzishwa kampuni iitwayo Better Place, ikafanya kazi hasa katika Israeli na Denmark. Ilikusanya dola zaidi ya milioni 800 za matajiri. Ilijenga vituo ambamo mashine ilitoa betri chini ya motokaa na kutia nyingine kwa dakika chache tu. Ilikuwa kazi ya ajabu. Lakini vituo vile vilifaa motokaa za namna moja tu, Renault Fluence, na magari yaliyouzwa hayakufika hata elfu mbili. Mwezi wa Mei mwaka 2013 kampuni ikafilisika. Wale walionunua magari yale walikuwa na bahati moja: gari lilikuwa na tundu la kuchajia, kwa hiyo liliweza kuchajiwa nyumbani polepole, hata vituo vilipofungwa. Ingalikuwaje kama lisingalikuwa na tundu? Lingalikuwa banda la kuku. Basi pikipiki nyingi zinazouzwa kwetu leo ni kama gari lile, ila tundu halipo, au lipo nalo limefungwa.

Wako watakaosema: basi Serikali iamuru makampuni yote yatumie betri ya namna moja, na kila kituo kimhudumie kila mtu. Nililipenda wazo hili mpaka nilipozungumza na mama juu ya mtungi wa gesi. Zamani makampuni ya gesi yalikuwa na vali za namna mbalimbali. Ukinunua mtungi wa kampuni fulani, na duka la jirani likaishiwa, huwezi kuchukua wa kampuni nyingine kwa kuwa kichwa hakiingii. Kanuni za mwaka 2009 zikaamuru vali ya namna moja, tena zikaamuru makampuni yabadilishane mitungi. Kina mama wakafurahi, na wana haki. Lakini wakatokea wajazaji wa magendo wakijaza mitungi isiyo yao, na mtungi ukiwa mbovu kila mtu akasema si wangu. Makampuni yaliyonunua mitungi mipya yakaona yanapokea mikuukuu. Kanuni za mwaka 2019 zikaiondoa ile amri ya kubadilishana. Yakaachwa yabadilishane kwa mapatano.

Mimi naona hapo mna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Vali ya namna moja ilikuwa jambo jema lisilomdhuru mtu. Kulazimisha watu kupokea mali isiyojulikana mwenyewe ndiko kulikoleta ubovu. Betri ni hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu betri huzeeka. Iliyochajiwa mara elfu haibebi nguvu kama mpya, na iliyoangushwa au kuingia maji yaweza kushika moto. Kampuni iliyotunza betri zake isilazimishwe kupokea za yule asiyetunza. Basi sitaki amri ya kubadilishana. Nataka lile la vali: tundu la namna moja la kuchajia katika kila pikipiki ya stima iuzwayo nchini, lililo wazi, ambalo mwenye pikipiki aweza kulitumia popote penye soketi, na kampuni isiweze kulifunga. Anayetaka kubadilisha betri kwa haraka aende kwa kampuni yake na alipe bei ya haraka. Asiyekuwa na haraka achaji. Nchi za Ulaya zilikata shauri juu ya plagi ya motokaa kwa sheria ya mwaka 2014. Wajapani nao, makampuni manne makubwa ya pikipiki yaliyoshindana maisha yao yote, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, walipatana mwaka 2021 juu ya vipimo vya betri moja ya kubadilishana, na kwa mapatano hayo hapakuwa na haja ya amri.

Sasa niseme juu ya usiku, maana hapa ndipo Kenya ina mali ambayo nchi nyingi hazina. Tulipozuru Olkaria kwa somo la Jiografia tuliona mabomba makubwa yakipanda na kushuka vilimani, na mvuke ukitoka ardhini kwa kelele. Kituo cha kwanza pale kilianza kazi mwaka 1981, na siku hizi mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya thuluthi moja ya stima ya nchi. Mvuke hauna kulala. Watu je? Jioni, watu wote wanapowasha taa na pasi na televisheni, mahitaji hupanda. Mwaka 2025 yalipita megawati 2,300. Ikifika usiku wa manane hushuka sana, na mvuke mwingine huachwa uende hewani kwa kuwa hakuna wa kuutumia. Ndiyo sababu ya ile bei ya shilingi 8. Bodaboda nayo hulala saa hizo hizo. Chombo kimelala, stima haina mwenyewe, bei imekatwa nusu, na kijana hawezi kuvikutanisha kwa sababu betri yake haina tundu.

Tukikosea saa, mambo yatakuwa mabaya. Pikipiki moja ikichajiwa huvuta kama wati 1,000, yaani sawasawa na pasi ya nguo. Pikipiki 100,000 zikichajiwa pamoja saa moja za jioni ni megawati 100 juu ya mzigo uliokwisha kuwa mzito. Zikichajiwa saa saba za usiku, hakuna atakayejua. Vituo vya kubadilisha betri haviwezi kungoja usiku peke yake, kwa kuwa watu huja mchana kutwa na betri tupu, na betri za akiba ni ghali. Kwa hiyo tundu la wazi lamfaa mwendeshaji, tena laifaa nchi.

Mwalimu mmoja aliposikia maoni haya aliniuliza swali ambalo nalo ni la haki: stima ikipotea je? Sote twakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukawa giza. Nakiri kwamba stima yetu hupotea, na mashambani hupotea bila hata kutangazwa. Lakini pampu ya petroli nayo huendeshwa kwa stima, na kituo kisicho na jenereta hufunga. Na mtu aliyechaji usiku ana kilomita 60 tayari wakati stima inapopotea asubuhi. Yule mwingine ana ahadi ya kituo. Swali lililo gumu zaidi kwangu ni la nyaya mbovu. Katika ploti nyingi waya mmoja mwembamba hulisha vyumba kumi, na mtu akiongeza pasi ya saa nne kila usiku hapo, moto hauko mbali. Sipendi hata kidogo vijana waanze kuchaji ndani ya vyumba wanamolala watoto.

Kwa sababu hii naona mahali pafaapo ni steji. Miji mingi sasa ina vibanda vya bodaboda vyenye paa, vilivyojengwa na kaunti au na wanasiasa wakati wa kura. Kibanda kina paa, kina chama cha waendeshaji chenye mwenyekiti na mweka hazina, na mara nyingi nguzo ya stima iko hatua ishirini tu. Kitiwe mita moja iliyotengwa kwa kuchajia, kwa jina la chama, ipate ile bei ya usafiri. Sanduku la chuma lenye soketi kumi na kufuli. Na mlinzi wa usiku, ambaye steji nyingi zinamlipa tayari. Kila mtu alipe yuniti alizotumia kwa simu. Kazi hii haina haja ya wageni kutoka ng'ambo. Fundi wa stima aliyehitimu katika chuo chetu cha ufundi aweza kuifanya kwa siku mbili. Lakini haina maana yoyote maadamu pikipiki zinazouzwa hazina tundu, na ndiyo maana nasema sheria ya tundu itangulie.

Tena itangulie upesi. Ethiopia ilikataza mwaka 2024 kuingiza motokaa za petroli na dizeli. Rwanda tangu mwaka 2025 haiandikishi tena pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali. Yamkini siku moja nasi tutafuata. Amri kama hiyo ikija kabla ya tundu kuwa la watu wote, vijana wa bodaboda watakuwa wametolewa katika soko la petroli lenye wauzaji wengi na kukabidhiwa kwa kampuni mbili tatu, na bei itakuwa ile zitakayotaka hizo.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutamaliza, na baadhi yetu, twajua sote, tutakuwa kwenye steji kabla ya Krismasi tukingoja matokeo, kwa pikipiki za mkopo. Wauzaji watakuja na karatasi, nao wazazi wataombwa kuwa wadhamini. Nawaomba waulize mambo machache kabla ya kalamu kugusa karatasi. Betri ni ya nani mkopo utakapokwisha kulipwa? Yaweza kuchajiwa kwa soketi yetu ya kawaida, bila ya mashine ya kampuni? Kampuni ikifunga kituo cha mji huu, mwenye pikipiki arudishiwe nini, na kwa muda gani? Majibu ya maneno matupu hayatoshi; yaandikwe katika karatasi ile ile yenye bei, na mzazi abaki na nakala yake.